Nyumba Iachwe Bondeni: Wastaafu Wawili na RV katika Milima ya Ouray

Ouray ni mji mdogo katika jimbo la Colorado, nchini Marekani. Wakazi wake hawafiki elfu moja, barabara yake kuu ni moja, na umejibana mwishoni mwa bonde la mto Uncompahgre kwenye mwinuko wa mita 2,375, huku milima ikiuzunguka pande zote isipokuwa kaskazini, ambako mto hupata upenyo wa kwenda zake. Mimi na mke wangu tumekuwa tukirudi huko tangu tulipostaafu. Mimi nilikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na yeye alikuwa muuguzi. Wastaafu wenzetu wanaofikiria kununua RV, yaani gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, hutuuliza mara kwa mara kama chombo cha namna hiyo kinafaa kwa safari za milimani. Kinafaa, tena sana, ila kwa sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji: nyumba ikifika bondeni iachwe hapohapo, na wenye nyumba wapande mlima kwa chombo kingine.

RV yetu ina urefu wa mita tisa hivi na huvuta gari dogo kwa nyuma, magurudumu yake yote manne yakiwa chini. Mpangilio huu una kero moja na faida moja. Kero ni kwamba msafara wa aina hiyo haurudi nyuma, maana magurudumu ya mbele ya gari linalovutwa hugeuka yatakavyo na kulikwamisha lile kubwa. Ukiingia mahali pasipo na pa kutokea, huna budi kushuka, ulifungue gari dogo, ulisogeze pembeni, ndipo ugeuze. Kwa hiyo nikikaribia kituo cha mafuta huwa natazama kwanza njia ya kutokea, na bei naitazama baadaye. Faida ni kwamba tukishaegesha tunabaki na makazi yaliyotulia mahali pamoja na gari jepesi la kuzungukia.

Mahali tunapopapenda kuegesha ni hifadhi ya jimbo ya Ridgway, kando ya bwawa lililojengwa kwenye mto uleule wa Uncompahgre, nusu saa hivi kutoka Ouray. Kambi za RV zipo hata ndani ya mji wenyewe, karibu na mto, na mtu anayependa kutembea kwa miguu hadi madukani atazifurahia. Ipo pia kambi ya Amphitheater ya Idara ya Misitu, juu kabisa ya mji, yenye mandhari ambayo nimeiona kwa gari dogo tu, kwa sababu njia ya kuifikia ni mwinamo mkali wenye kona za kujikunja, na gari refu halina biashara kule. Sisi tunabaki bondeni kwa sababu mbili: nafasi ya kugeuzia, ambayo ni hoja yangu, na usingizi, ambao ni hoja ya mke wangu.

Mke wangu hana mzaha na mwinuko. Katika kimo cha mita 2,400 kanieneo ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kwa karibu robo. Mtu akiwa ameketi hahisi chochote. Atahisi akipanda ngazi akiwa na mfuko wa sokoni mkononi. Usiku ndio wenye matata zaidi, kwa kuwa upumuaji hupungua mtu akilala, na wageni wengi hulalamika kwamba wameamka mara kadhaa bila kujua sababu. Kanuni inayofahamika kwa wapanda milima ni kupanda juu mchana na kulala chini usiku, na ndiyo tunayoifuata. Tunalala kwanza Montrose, mji ulio kwenye mita 1,770 hivi, ndipo tunasogea Ridgway, na siku ya kwanza ya kufika hatufanyi lolote la maana zaidi ya kupanga viti nje.

Anacho kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu, na tukiwa milimani salamu yake ya asubuhi, kabla ya chai, ni moja: "Mzee wangu, lete kidole." Nimejifunza kutoka kwake kwamba tarakimu peke yake haisemi yote. Mtu anayepata asilimia 97 akiwa kwenye miinuko ya chini anaweza kupata 91 kule na akawa mzima kabisa, na mwingine akapata hiyohiyo huku kichwa kinamgonga, chakula hakipiti na anataka kutapika. Huyo wa pili apumzike na asipande zaidi mpaka dalili ziishe. Lakini mtu anayehema akiwa ameketi tu, anayekohoa bila kukoma au anayeyumba kama mlevi, huyo ni wa kushushwa saa hiyohiyo na kupelekwa kwenye matibabu, hata kama ni usiku wa manane na hata kama kambi imeshalipiwa. Wenye maradhi ya moyo, mapafu au shinikizo la damu wanapaswa kuzungumza na daktari wao kabla ya safari. Wengine huandikiwa acetazolamide, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko, lakini si dawa ya kuazimana kambini kama chumvi.

Mwinuko hauishii mwilini. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi za Selsiasi badala ya 100, na mpishi atayaona matokeo yake kwenye maharage, ambayo yatachemka mchana kutwa na bado yatagoma kuiva. Sufuria ya presha inamaliza tatizo hilo, na kwa kuwa gesi ya kupikia katika RV ni ya mtungi, inaokoa pesa pia. Mifuko ya bisi na karanga iliyofungwa kiwandani huvimba kabatini mpaka mtu aone haya kuifungua mbele ya wageni. Injini nayo hukosa pumzi: injini ya petroli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo kwenye vilele vya barabara za huko karibu theluthi moja ya nguvu huwa imekwenda na upepo. Jenereta ya ndani hufuata kanuni hiyohiyo, na mwenye kuitegemea kuendesha kiyoyozi na jiko la umeme kwa pamoja ataiona ikizimika.

Anayetokea mashariki mwa Colorado na RV hawezi kuukwepa mwinuko huo. Akipita barabara ya 50 atavuka Monarch Pass, njia ya kuvukia mlima iliyo kwenye mita 3,448. Akipita barabara kuu ya 70 atapenya handaki la Eisenhower, lililo juu ya mita 3,400. Kupanda si tatizo, ni subira tu: unakaa upande wa kulia, unawasha taa za tahadhari, unawaacha wenye haraka wapite. Hatari iko kwenye kushuka. Madereva wa malori tuna kanuni ya zamani kwamba gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia, na ingawa gia za kisasa hujibadilisha zenyewe, kanuni haijazeeka. Ingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, wala si katikati yake; iache injini ishike mzigo; mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka upungue, kisha ondoa mguu kabisa ili breki zipoe. Anayeweka mguu juu ya breki kidogokidogo kutoka juu hadi chini atasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, na baada ya harufu hiyo kanyagio huanza kulegea. Nimeisikia harufu hiyo ikitoka kwenye RV za watu wengi waliosimama pembeni ya mteremko, nyuso zao zimewashuka, na kwa kawaida maneno yangu kwao ni machache: kaa hapo saa nzima, breki usizimwagie maji.

Barabara ya 550, kutoka Ouray kwenda kusini mpaka mji wa Silverton, ndiyo sababu ya watu wengi kufika pande hizo. Ni kilomita 40 hivi, inapitia Red Mountain Pass kwenye mita 3,358, na huitwa Million Dollar Highway, yaani Barabara ya Dola Milioni. Asili ya jina hilo ina visa vingi visivyopatana: wapo wanaosema kifusi kilichojengea barabara kilikuwa na dhahabu ndani yake, wapo wanaosema ni gharama ya ujenzi. Aliyeanzisha njia yenyewe ni Otto Mears, yatima aliyezaliwa katika himaya ya Urusi na kuja Marekani akiwa mtoto, ambaye katika miaka ya 1880 alichonga barabara ya kulipia kwenye ukuta wa korongo ili kufikia migodi ya fedha. Lango lake la ushuru aliliweka kwenye maporomoko ya Bear Creek, mahali ambapo upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni shimo, ili asiwepo wa kulizunguka. Nimelipa ushuru kwenye malango mengi katika kazi yangu, na sijaona lililowekwa kwa akili kiasi hicho.

Sehemu kubwa ya korongo haina vizuizi vya pembeni. Maelezo yanayotolewa ni kwamba magari ya kusukuma theluji yanahitaji mahali pa kuimwaga, na kwamba barabara yenyewe ni nyembamba mno kuongezewa chochote. Anayetoka Ouray kwenda kusini ndiye anayekaa upande wa shimo: kuna mstari mweupe wa ukingo, kuna lami ya upana wa kiganja, halafu kuna hewa. Magari makubwa hayajakatazwa, na malori hupita kila siku. Mimi ningeweza kuipitisha RV yetu bila wasiwasi mkubwa, lakini sijawahi kuona sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa dereva wa gari pana kwenye njia ile haoni mlima hata mmoja. Anaona kioo cha pembeni, mstari wa manjano na gari linalokuja. Tukienda kwa gari dogo, tena alfajiri kabla ya msongamano, tunaweza kusimama kila penye nafasi ya kuegesha, na tunarudi Ouray tukiwa upande wa jabali, upande ambao mke wangu huanza kuzungumza tena.

Ukishavuka korongo, bonde hupanuka na milima mitatu myekundu hujitokeza mbele, rangi yake ikitokana na madini ya chuma yaliyopata kutu kwenye miamba. Mto nao umeichukua rangi hiyo, na wageni hudhani ni uchafuzi mtupu. Upo uchafuzi wa migodi, ni kweli, lakini chuma kilikuwa kinavuja kutoka kwenye milima hiyo kabla ya sururu ya kwanza. Kando ya njia yanaonekana majengo ya mgodi wa Idarado na, ng'ambo ya bonde, mnara wa mbao wa mgodi wa Yankee Girl ambao bado umesimama. Kabla ya hapo utapita chini ya paa la zege linaloikinga barabara dhidi ya maporomoko ya theluji, na karibu nalo pana mnara wa kumbukumbu ya waliouawa na maporomoko hayo, wakiwemo madereva wa magari ya kusukuma theluji. Hapo mimi husimama. Wale walikuwa wenzangu wa kazi, ingawa hatukuonana.

Mji wenyewe unahitaji muda kuliko unavyodhania ukiupita kwa gari. Upande wake wa kusini-magharibi kuna Box Cañon, ufa katika jabali ambamo maji ya kijito cha Canyon Creek huanguka kwa jumla ya mita 87. Unaingia kwa daraja la chuma lililopigiliwa kwenye ukuta, na kadiri unavyosonga ndivyo ukuta unavyokaribiana na ngurumo inavyokuzidi, mpaka mwishoni unazungumza na mwenzako kwa ishara. Wakati wa kiangazi kuta hizo zenye unyevu hukaliwa na ndege weusi wanaofanana na mbayuwayu, ambao hujenga viota nyuma ya maporomoko mahali ambapo adui hafiki. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua wanakokwenda majira ya baridi. Mwaka 2012 watafiti waliowafunga vifaa vidogo vinavyorekodi mwanga ili kubaini walikopita walitangaza kwamba huenda Brazil. Ndege mdogo kiasi cha kukaa kiganjani huenda mpaka bonde la Amazon na kurudi kwenye ufa uleule, na sisi tunajisifu kwa kuvuka majimbo matatu na choo ndani.

Mahali ambapo mke wangu hukaa muda mrefu zaidi ni jumba la makumbusho la wilaya ya Ouray, lililomo katika iliyokuwa hospitali ya wachimba migodi iliyofunguliwa mwaka 1887 na kuendeshwa na masista wa shirika la Sisters of Mercy. Vyumba vya wagonjwa vipo, vyombo vya upasuaji vipo, na yeye huvitazama kama mtu anayekagua zamu ya jana. Wachimbaji waliletwa pale wakiwa wamevunjika mifupa, wameungua kwa baruti, na wengi zaidi mapafu yao yakiwa yameharibiwa na vumbi la mawe, ugonjwa ambao hata leo hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Masista hao walifanya kazi hiyo kwenye hewa hiihii pungufu inayotufanya sisi tupumzike kila baada ya ngazi kumi. Naona ziara hiyo inafaa kutangulia hadithi za utajiri, ambazo mjini hapo hazikosi: bei ya fedha ilipoporomoka mwaka 1893, mji ulikaribia kufa, ukaokolewa na dhahabu ya mgodi wa Camp Bird, ambao Thomas Walsh, mhamiaji kutoka Ireland, aliugundua mwaka 1896 kwenye machimbo ambayo wengine walikuwa wameyatelekeza.

Kuna hadithi iliyotangulia zote hizo. Ouray ni jina la kiongozi wa Waute, wenyeji wa asili wa milima hiyo, aliyefariki mwaka 1880. Mkataba wa mwaka 1873 uliwaondolea watu wake milima hiyo ya San Juan kwa ajili ya wachimbaji, na mwaka 1881, baada ya yeye kufa, Waute wa bonde la Uncompahgre walihamishwa kwa nguvu kwenda Utah. Wakauacha mji unaoitwa kwa jina la kiongozi wao. Mke wake, Chipeta, aliishi uhamishoni mpaka mwaka 1924, na kaburi lake sasa liko kwenye makumbusho ya Waute kusini mwa Montrose, kando ya barabara hiyohiyo ya 550. Wengi huyapita makumbusho hayo wakikimbilia mlimani. Nashauri mgeni aanze pale, kwa sababu ni njiani, panaingilika kwa RV bila taabu, na kwa sababu majina yote atakayokutana nayo juu yatakuwa yameshapata wenyewe.

Jioni ni ya chemchemi za moto. Bwawa la mji wa Ouray lilifunguliwa mwaka 1927, maji yake hayana ile harufu ya salfa inayofanana na mayai yaliyooza, na limegawanywa sehemu zenye joto tofauti. Waute walizitumia chemchemi za bonde hilo zamani kabla ya kuwepo mji. Mke wangu ana amri zake hapa pia: wazee wasikae muda mrefu kwenye maji ya moto zaidi, wanywe maji ya kutosha, na wanapotoka wasimame polepole, kwa kuwa joto hutanua mishipa na shinikizo la damu hushuka ghafla. Kuna chemchemi nyingine upande wa Ridgway ambako kuvaa nguo ni hiari ya mtu. Tumeambiwa ni nzuri sana.

Kwa siku ambayo miguu imechoka, Black Canyon of the Gunnison iko karibu na Montrose na ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1999. Ni korongo jembamba na refu kwenda chini kiasi kwamba maeneo mengine hupata jua kwa muda mfupi tu kwa siku. Ukuta wake unaoitwa Painted Wall una kimo cha mita 686, mrefu kuliko jabali lolote la wima katika Colorado, na michirizi ya waridi iliyoupamba ni miamba iliyopenya kwenye nyufa ikiwa majimaji ya moto. Barabara ya kushuka hadi mtoni ina mwinamo wa asilimia 16, na magari yenye urefu wa zaidi ya mita 6.7 hayaruhusiwi, ni mahali pengine ambapo asiye na gari dogo hubaki juu akisikiliza simulizi za wenzake. Chini huko ndiko linakoanzia handaki la Gunnison, lenye urefu wa kilomita 9.3, lililozinduliwa na Rais William Howard Taft mwaka 1909 ili kupeleka maji kwenye mashamba ya bonde la Uncompahgre. Mboga na matunda tunayonunua kando ya njia kule Montrose yanakua kwa maji hayo.

Njia za zamani za migodi, kama ile ya Imogene Pass inayovuka kwenda mji wa Telluride kwenye mita 3,997, si za gari letu dogo pia. Zinataka gari la kukokotwa na magurudumu manne lililonyanyuka, na mjini yapo ya kukodi. Sisi tulipanda gari la watalii lenye dereva wake. Nilikaa kiti cha nyuma, nikakanyaga breki isiyokuwepo kila kona, na mke wangu alicheka mpaka machozi. Mwezi Julai na Agosti safari hizo zianze asubuhi mapema, kwa sababu mchana mawingu hujikusanya, radi hupiga juu ya mstari wa miti, na huko hakuna pa kujificha.

Kazi za nyumba yenye magurudumu hazina likizo, na ni vizuri asiyewahi kuzifanya ajue. Kuna tangi la maji safi, tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na tangi la choo. La choo lisiachwe wazi hata kama umeunganishwa na bomba la maji taka, kwa sababu maji yatatoka na vigumu vitabaki na kukauka. Lijae kwanza angalau theluthi mbili, ndipo lifunguliwe, na baada yake lifunguliwe lile la maji ya vyombo ili lisafishe mpira wa kutolea maji taka. Glavu za kazi hiyo zikae peke yake, mbali na kila kitu. Mnamo Septemba usiku huko hushuka chini ya sifuri, na mpira wa maji ulioachwa nje huamka mgumu kama fimbo. Jaza tangi la ndani jioni, chomoa mpira, mwaga maji yake, na utumie pampu mpaka jua litoke. Taka za chakula zisilale nje, hata kwa saa moja. Dubu weusi wapo, wanalijua bonde lile kuliko sisi, na mapipa ya huko yana vifungo vyake maalumu kwa ajili yao.

Kuhusu fedha, lipo jambo moja linalompasa kila mstaafu anayestahili: kadi ya wazee ya hifadhi za taifa. Raia wa Marekani au mkazi wa kudumu mwenye umri wa miaka 62 au zaidi huilipia dola 80 mara moja maishani, akaingia hifadhi zote za taifa pamoja na abiria wa gari lake, na katika kambi nyingi za serikali kuu hulipa nusu ya bei. Haitumiki kwenye hifadhi za jimbo kama Ridgway, ambako kuna malipo ya gari na malipo ya kambi yanayotenganishwa, na wageni wengi hushangaa kudaiwa mara mbili langoni.

Suala la majira bado halijaamuliwa nyumbani kwetu. Mimi napendelea Juni, theluji inapoyeyuka na maporomoko kuwa na maji tele, ingawa njia za juu kabisa huwa bado hazijafunguliwa. Mke wangu anataka wiki ya mwisho ya Septemba, wakati miti ya aspeni inapogeuka njano mlima mzima, umati wa kiangazi umeondoka na radi zimepungua. Nafasi za kambi za jimbo huanza kuwekwa miezi sita kabla, na zile za Septemba zenye umeme na urefu wa kutosha huisha upesi, hivyo mwishoni mwa Machi mmoja wetu hukaa mbele ya kompyuta asubuhi na mapema. Mwaka huu ni zamu yake kukaa, na kwa hiyo tunakwenda Septemba.